Bei tunalipa yote, waranti inabaki Ulaya

Mwaka 2025 ulikuwa mgumu kwa wapenzi wa gemu. Mwezi Juni Nintendo ilitoa mashine yake ya gemu, Switch 2, kwa dola 449.99, na gemu yake ya Mario Kart World ikauzwa dola 79.99. Agosti, Sony ikaongeza dola 50 kwenye bei ya PlayStation 5 nchini Marekani, mashine iliyotoka Novemba 2020. Zamani mashine ikifikisha umri huo ilikuwa inashuka bei, sasa inapanda. Kelele zikafika hadi Kampala, na jibu likawa lile lile tulilolizoea: gemu ni anasa, asiye na pesa aache.

Jibu hilo halinitoshi, ingawa kampuni nazo zina hoja yao na ni haki isikilizwe. Gemu kubwa ilikuwa dola 60 tangu mwaka 2005 hivi, na dola 60 za wakati ule ni zaidi ya dola 90 za leo. Kwa hesabu hiyo, kijana anayelipa dola 70 leo analipa pungufu kuliko kaka yake aliyelipa 60. Gharama za kutengeneza nazo zimepaa: nyaraka zilizofika mahakamani Marekani mwaka 2023 zilionyesha kwamba The Last of Us Part II peke yake ilimeza kama dola milioni 220. Mamia ya watu wanalipwa mishahara kwa miaka kabla gemu moja haijauzwa.

Ila hesabu hiyo imepigwa kwa mshahara wa Marekani. Dola 70 kwetu Uganda ni kama shilingi 250,000, yaani karibu nusu ya mshahara wa mwezi wa mwalimu wa shule ya msingi. Hata hilo watu hapa wamelipatia dawa zamani: diski za mkono wa pili, au kibanda cha mtaani ambako unalipia mechi moja moja. Ndiyo maana naona malalamiko yetu yanaeleweka vibaya. Kinachotuuma zaidi ni waranti, ile ahadi ya kutengenezewa mashine bure ikiharibika.

Waranti ya Sony ni ya mwaka mmoja, na imefungwa kwenye eneo mashine ilikouzwa. Wengi wetu tunanunua mashine zilizopitia Dubai, Uingereza au Marekani. Zinasafiri vizuri, maana PS5 inapokea volti 100 hadi 240. Waranti ndiyo haisafiri. Mashine ikishatua Entebbe kwenye begi la mtu, au Mombasa kwenye kontena, kile kijitabu ndani ya boksi kinakuwa karatasi tu.

Na waranti ni pesa, imo ndani ya bei. Anayebisha aikumbuke Microsoft mwaka 2007. Mashine zake za Xbox 360 zilikuwa zinakufa na kuwaka taa nyekundu, kampuni ikarefusha waranti ya hitilafu hiyo hadi miaka mitatu, na ikatenga zaidi ya dola bilioni 1 kuigharamia. Bilioni! Ahadi ya kutengeneza ina gharama, kampuni inaijua, na mnunuzi ndiye anayeibeba. Wa Kampala anaibeba sawa na wa Chicago. Kisha analipia usafiri, ushuru wa forodha na VAT ya asilimia 18, vyote vikipigwa juu ya bei ile ile yenye waranti ndani yake. Nimelifikiria jambo hili mara nyingi na bado linanikera: tunalipa kodi hata juu ya huduma ambayo hatutaipata kamwe.

Pedi yangu, kile kifaa cha mkononi cha kuchezea, ilianza kuumwa mwezi wa nne tangu niinunue. Naiweka mezani, siigusi, na mchezaji wangu anatembea taratibu kuelekea kushoto hadi anatoka nje ya uwanja. Ugonjwa huu unajulikana dunia nzima. Ndani ya kijiti cha kumwongozea mchezaji kuna kipande kinachosuguana hadi kinalika, na mwaka 2021 wachezaji wa Marekani waliishtaki Sony kwa ajili yake. Nilirudi dukani, katikati ya mji. Muuzaji hakunifokea. Alichukua risiti yangu, akaweka kidole kwenye muhuri wa wino wa bluu chini kabisa, “bidhaa ikishauzwa hairudishwi”, akasema, “Ssebo,” yaani bwana, “tulikubaliana wiki moja ya kujaribu.” Fundi wa Barabara ya Luwum aliifungua pale pale juu ya taulo, akayeyusha lehemu, akang'oa kijiti kizima na kuweka kingine alichokitoa kwenye pedi iliyokufa. Dakika 40. Halafu akaniandikia kwenye kikaratasi: miezi mitatu, ikisumbua irudi.

Muuzaji yule simlaumu sana. Akiipokea mashine mbovu hana pa kuipeleka, na faida ya mashine moja haiwezi kufidia nyingine nzima. Tena kuna umeme wetu: ukikatika na kurudi kwa kishindo unaweza kuunguza mashine usiku mmoja, na mteja akaja asubuhi akiapa kwamba aliinunua ikiwa mbovu. Sheria nayo haimwachi mnunuzi mikono mitupu. Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa na Utoaji wa Huduma ya mwaka 2017 inaweka masharti ya ubora ndani ya mauzo hata yasipotajwa, na utaratibu wa madai madogo mahakamani unapokea madai yasiyozidi shilingi milioni 10. Lakini nani atafunga kazi yake siku tatu kwa ajili ya pedi?

Kununua gemu zenyewe kwa mtandao hakutuokoi. Barani Afrika, PlayStation Network, huduma ya mtandaoni ya Sony, inaitambua Afrika Kusini peke yake, hivyo Mganda anafungua akaunti kwa anwani ya nchi asiyoishi ili apate ruhusa ya kulipa bei kamili. Mwaka 2024, Sony ilipotaka wachezaji wa gemu ya Helldivers 2 kwenye kompyuta wawe na akaunti hiyo, gemu iliondolewa kwenye duka la mtandaoni la Steam katika nchi zaidi ya 170.

Ningependa kuona maduka yetu yakiweka bei mbili hadharani: ya mashine isiyo na waranti, na ya mashine yenye waranti ya duka ya miezi sita, kwa sharti kwamba mnunuzi atumie stabilaiza, kile kifaa cha kutuliza umeme. Fundi wa Luwum anajua kwa uzoefu ni pedi ngapi kati ya kumi zitamrudia. Duka likikaa naye nusu saa litapata hesabu. Na kampuni, kama haziko tayari kufungua kituo cha matengenezo Afrika Mashariki, ziwauzie mafundi hawa vipuri halisi, ili kijiti kipya kisitoke tena kwenye pedi iliyokufa.