Kijiti cha Ami na Adhana ya Magharibi

Ami yangu ni Mshirazi, yaani ukoo wake ulitoka Shirazi ya Uajemi. Hilo kwetu Wete, Pemba, halina mjadala. Akikaa barazani huanzia maandishi ya msikiti wa Kizimkazi ya mwaka 1107, akapitia sarafu za fedha za Mtambwe Mkuu, akatua kwa babu yake mzaa babu, ambaye kila Ramadhani huongezewa jahazi moja. Mwaka 2023 ndio alipokolea kabisa. Wataalamu walitangaza wamechambua DNA ya mifupa ya watu 80, wengi wao wa miji ya kale ya pwani kama Mtwapa, Manda na Kilwa. Upande wa akina baba walikuta asili kubwa ya Uajemi, upande wa akina mama asili ya Kiafrika, na mchanganyiko wenyewe kuanza karibu mwaka 1000. Ami aliposomewa habari ya akina baba alipandisha redio juu. Ilipofika ya akina mama akasema betri zimekwisha.

Mjuaji nikawa mie. Nikasema: basi tupime.

Kuhusu vipimo nilikuwa najua kanuni moja tu, kwamba umpime aliye mzee kuliko wote. Nikampigia dada yangu aliyeko London, nikamwambia aje na kipimo cha Y cha Shangazi, dada yake Ami, maana ndiye mkubwa wa ukoo. Dada akanyamaza, nikadhani salio limekwisha.

"Shangazi ana Y?" akauliza.

Hana. Y ni kromosomu anayopewa mtoto wa kiume na baba yake, naye akaipitisha kwa wanawe wa kiume, hivyo hivyo karibu bila kubadilika. Mwanamke hana hata chembe yake. Ile kanuni ya mzee ni ya kipimo cha atosomu, kile kinachosoma DNA unayorithi nusu kwa baba na nusu kwa mama. Hapo kila kizazi kinapunguza: ukiwa na karibu robo ya bibi yako, mwanao atakuwa na kama thumuni, na baada ya vizazi vitano au sita unabaki na makombo. Ndiyo maana mzee ni hazina. Kipo na cha mitokondria, DNA ambayo mama huwapa watoto wake wote lakini ni mabinti tu wanaoiendeleza. Hicho hufuata mama wa mama wa mama, na kwa majahazi ya Ami hakina kazi.

Nikaagiza upya: kichupa cha mate cha atosomu kwa Shangazi, na seti mbili za Y zenye kusoma alama 37, yaani sehemu 37 za kromosomu hiyo zinazolinganishwa mtu na mtu. Moja ya Ami. Ya pili, na hapa nilijiona bingwa, ya Mjomba, mwenye duka, kwa kuwa naye ni mzee. Dada alikuwa na haraka, hakuuliza. Mjomba ni kaka wa mama! Y yake ni ya babu mzaa mama na baba zake huko juu. Nataka kujua ukoo wa baba, nimemnunulia kipimo kaka wa mama, kwa zaidi ya dola 100.

Vifurushi vikafika Ramadhani, na hapo tabu ikaanza. Maelekezo yanasema usile, usinywe, usivute sigara wala usitafune kitu kwa nusu saa, bora saa nzima, kabla ya kutoa sampuli, kwa sababu mabaki ya chakula huvuruga kazi ya maabara. Nani ana nusu saa hiyo usiku wa Ramadhani? Ami akifungua kwa tende anaingia kwenye uji, muhogo na pweza. Akitoka tarawehe ni kahawa, kahawa inaita tambuu, na tambuu yenyewe hudumu mdomoni mpaka daku. Nilimfuata siku nne na kijiti cha pamba cha kukwangulia shavu mfukoni kama mtu anayemdai.

Siku ya tano nikapata akili. Mdomo mtupu kuliko yote Pemba ni wa mfungaji saa kumi na mbili za jioni. Kijiti ni pamba kavu, hakimezwi. Ami mwenyewe akasema hakizidi mswaki. Tukakaa mkekani watatu, Mjomba amealikwa futari, Shangazi pembeni na kichupa chake. Yeye ana sukari, hafungi, analipa fidia.

Shangazi ndiye aliyenipa kazi. "Mate yangu yaende Ulaya? Kwa nani?" Kwetu mate, kucha na nywele havipewi mtu ovyo. Nikamwapia kwamba huko hawamjui hata jina, wanajua namba. Akakubali, mate yakakataa. Kichupa kinataka kama mililita mbili hadi kwenye mstari, na povu halihesabiwi; wazee midomo yao mikavu. Unamsugua mashavu kwa nje, unamwambia asogeze ulimi. Haikusaidia. Nikaanza kumsimulia embe mbichi, imekatwa vipande, chumvi, pilipili ya kusaga, ndimu kwa juu. Kichupa kikajaa kwa dakika mbili. Ami na Mjomba, waliofunga, walinitazama kwa jicho ambalo sitaki kulikumbuka.

Vijiti ni kazi nyepesi. Unakwangua ndani ya shavu kama dakika nzima, kwa nguvu kidogo, kisha unakidondosha kichwa cha pamba ndani ya kichupa chenye maji yake na kukaza kifuniko. Kila mtu vijiti viwili, kila shavu na chake. Kichupa kina namba ya seti. Jina hakina, jina unalitia mwenyewe kwenye tovuti, unalifunga na namba ile. Anayejua kazi husajili kwanza ndipo akafungua mdomo wa mtu. Mie nikasema nitasajili nikishafuturu.

Ami anakaza kifuniko cha mwisho, adhana hii hapa. Watu wazima wawili wakarukia sinia kama watoto wa chuoni. Mjukuu wa Shangazi, msafi kupita kiasi, akakusanya vichupa vinne akavipanga dirishani vizuri, kubwa kwa ndogo, japo vyote vilikuwa sawa. Niliporudi nina namba mbili na wazee wawili, na sijui ipi ya nani. Nikajiambia Ami alikuwa kulia. Kulia kwa nani? Nikasajili hivyo hivyo.

Majibu yalichukua zaidi ya miezi miwili. Ya Shangazi yalitulia. Asilimia za nchi nilimwambia asizipe uzito, ni makisio na hubadilika kampuni ikisasisha hesabu zake; la maana ni orodha ya ndugu, watu wengine waliopimwa wanaochangia naye DNA. Akatokea bibi mmoja wa Maskati wa sentimogani 260 (ndicho kipimo cha urefu wa DNA wanayochangia), kiasi ambacho huwa cha watu ambao babu au bibi zao ni ndugu wa tumbo moja. Kumbe yuko mbali kizazi kizima zaidi, ila kwetu watu wameoana binamu kwa binamu, damu imerudi kwa njia mbili na namba ikavimba. Ukisoma orodha ya ukoo wa Kipemba, punguza kidogo.

Za Y ndizo zilizotia moto. Seti niliyoiandika jina la Ami: J2, tawi la ukoo wa Y lililoenea Uajemi, na pia kuanzia nchi za Bahari ya Kati mpaka India. Seti ya Mjomba: E-M2, ambalo limejaa kwa watu wa lugha za Kibantu. Ami alichinja jogoo. Nilijaribu kusema J2 haiandiki Shirazi kwenye paji la uso; nikapewa paja la kuku ninyamaze.

Lakini dirisha lile lilikuwa haliniachi nilale. Nikamweleza dada kwa simu, kwa sauti ya chini. Akanyamaza tena, safari hii salio lilikuwepo.

"Wewe baba yako na Ami ni baba mmoja?"

"Ndiyo."

"Basi Y ya Ami unayo wewe."

Siku zote zile nilizomwinda mzee na tambuu yake, kitu chenyewe nilikuwa nacho shavuni mwangu. Nikanunua seti ya tatu, nikaisajili kwanza, nikakwangua alfajiri kabla ya chai. Jibu: E-M2, alama 37 kwa 37 na ile seti iliyoandikwa jina la Mjomba.

Nilimwambia Ami baada ya isha, nikiwa nimekaa karibu na mlango. Akafikiri sana, kisha akasema nilikwangua nimekula mbatata za urojo. Nikamwambia chakula huharibu sampuli mpaka maabara ishindwe kuisoma, hakigeuzi ukoo. Mbatata haina Y ya kunipa. Akasema mbatata ilitoka nje, hatujui imepita wapi.

Mjomba hakusema neno. Aliomba karatasi yake ya J2 tu, nikasahihisha jina, akaitia plastiki na kuitundika dukani pembeni ya leseni. Ami siku hizi sukari anaifuata duka la Bopwe, kwa miguu.