Mifuko ya Shangazi

Shangazi yangu ni mtu wa Bwera, Uganda, mpakani kabisa na Kongo, na kila kinachobebeka amekwisha kukiuza au kukinunua. Mwanawe aliyeko Uingereza alipotulipia ziara ya angani tuione milima ya Rwenzori kutoka juu, mimi niliwaza theluji ya Margherita, kilele chake cha juu kabisa, mita 5,109. Yeye alibeba kikapu.

Ilikuwa Novemba, msimu wa senene, wale panzi wa kuliwa. Alikuwa amewanunua Fort Portal na kushinda nao jikoni akiwakaanga. Pale kiwanjani Kasese abiria hupimwa uzito na mzigo wake, maana kindege kidogo hakina masihara na kilo. Shangazi akapanda mizani huku amemkazia macho kijana wa daftari.

“Andika, mwanangu, ila usisome.”

Kijana akasoma. Tena kwa sauti, hata watu wa boda nje ya ua wakageuka.

Tulipokaa tu, kavera la senene, ule mfuko wa plastiki, likapasuka. Shangazi akaangaza huku na huku, akaona mbele ya kila kiti kuna mfuko wa karatasi, mweupe, mpya, wenye mdomo wa kukunja. Akaikusanya yote, akiwasifu wenye ndege kwa kuwajali abiria. Mimi nilikuwa dirishani napiga picha. Nilipogeuka, mifuko yote ilikuwa imeshiba.

Tukaingia bonde la mto Nyamwamba, juu ya Kilembe. Mawe yaliyoporomoshwa na mafuriko ya Mei 2020 yametapakaa kando ya mto, mengine makubwa ajabu. Margherita yenyewe ilikuwa imejifungia mawinguni. Rubani akatueleza kwamba jua likishapasha miamba, hewa ya moto hupanda na ya baridi hushuka pembeni yake, na kwamba ndege zisizo na injini huitafuta hiyo inayopanda ili zizidi kupaa. Yetu ilikuwa na injini, lakini ilirushwa na kubwagwa vilevile. Sisi tulishuka, tumbo langu likabaki juu.

“Shangazi, mfuko!”

“Njaa saa hizi?”

“Nataka kutapika!”

Akaitazama ile mifuko kama mama aliyeambiwa achague mtoto wa kumtoa. Mwishowe akamwaga mmoja kwenye kitenge mapajani, akanipa kwa shingo upande. Yaliyofuata siyasimulii. Nilikunja mdomo wa mfuko vizuri, nikauweka chini.

Hapo ndege ikalala upande, na senene wa kitengeni wakasambaa hadi miguuni kwa rubani. Nikasema leo tutashushwa hapahapa hewani. Rubani akainama kidogo, akanusa.

“Mama, hawa umewatia kitunguu?”

“Kitunguu na pilipili.”

Akanyoosha kiganja nyuma bila kugeuka. Na wala si ajabu: Novemba 2021 Uganda nzima ilitazama video ya senene wakiuzwa ndani ya ndege ya kutoka Entebbe kwenda Dubai, abiria wakigombea.

Nyuma yetu alikaa mama mmoja Mjerumani. Akaonja mmoja kwa ncha ya meno, amefumba macho. Kisha akaomba wawili. Kufika chini alikuwa anajipakulia mwenyewe, na amekwisha kujifunza kusema “tamu sana”.

Tulipotua, shangazi, ambaye haachi chake popote, akaokota mifuko yote akaitia kikapuni. Mjerumani akaja kuaga. Shangazi akaguswa na mgeni anayejua kula; akachomoa mfuko mmoja, akamkabidhi kwa mikono miwili. Mama wa watu akaukumbatia kifuani, akapanda gari lililokuwa likimsubiri, akaenda zake Mweya, kwenye hifadhi ya wanyama.

Nyumbani tukafungua mifuko iliyobaki, mmoja baada ya mwingine. Yote ilikuwa na senene.

Na namba ya simu shangazi alikuwa amempa, ili akimaliza aagize zaidi.