Gesi ya Kusini na vijana wetu: nani asomeshwe kwanza?

Kila mradi wa LNG (gesi inayopoozwa mpaka iwe kimiminika isafirishwe kwa meli) wa Likong'o pale Lindi ukirudi kwenye taarifa ya habari, simu yangu inaanza kuita, ni ndugu, ni majirani wa zamani, wote swali moja tu: mtoto asomee nini ili gesi ikianza asiachwe. Mzazi ameuza korosho, hela ipo mkononi, anataka kujua ada aipeleke kozi gani. Miaka kumi na kitu nyuma nilikuwa najibu harakaharaka, mpelekeni akasomee mafuta na gesi. Siku hizi sijibu hivyo tena na nataka nieleze kwa nini, maana upande ule mwingine nao una hoja za kweli kabisa.

Tukumbushane kidogo. Gesi ya Songo Songo iligunduliwa 1974, ya Mnazi Bay 1982, na tangu 2004 ile ya Songo Songo inafua umeme Dar. Kilichotupandisha presha ni ile ya kina kirefu baharini kuanzia 2010, hesabu ikapanda mpaka futi za ujazo trilioni 57 na zaidi. Mtwara ikajaa wageni, viwanja vikapanda bei, gesti zikaota kila kona. Afu likaja suala la bomba la kwenda Dar na 2013 mji ukawaka, Januari, halafu tena Mei wakati bajeti ya nishati inasomwa bungeni, watu walikufa na nyumba zilichomwa. Nje ya mkoa watu walielewa kwamba hatutaki kugawana na wenzetu, lakini ukikaa barazani na watu hoja ilikuwa nyepesi tu, kwamba gesi ikichakatwa hapa watoto wetu watapata kazi hapa, ikiondoka kwenye bomba na kazi inaondoka nayo. Ajira ndo ilikuwa roho ya ule mgogoro.

Sasa wanaosema tufundishe mapema, tena tumechelewa, wana hoja nzito. Sheria ya Petroli ya 2015 na kanuni zake za 2017 zinasema Mtanzania apewe kipaumbele, sawa, ila kipaumbele ni kwa mwenye sifa, asipokuwepo mwenye sifa kontrakta anaomba kibali analeta mtu wake na hapo hajavunja sheria yoyote. Na sifa haipatikani kwa semina ya wiki mbili. Chukua welda. Kuchomea geti na kuchomea bomba la presha ni vitu viwili mbali kabisa, ule mtihani wanaouita 6G bomba linafungwa limelala kwa pembe ya nyuzi 45, halizungushwi, wewe ndo unalizunguka, unachomea juu, ubavuni, chini kwa chini huku cheche zinakudondokea, halafu kazi yako inapigwa eksirei, kukiwa na tundu dogo ndani umefeli. Kufika hapo kijana anahitaji chuo, anahitaji miaka ya kazi chini ya fundi mzoefu, na anahitaji vyuma na elektrodi za kuharibia, na hivyo ni ghali. Mwaka mradi unaposainiwa ndo uanze kumtafuta? Umeshamkosa.

Na kuna jambo moja lilifanyika vizuri kipindi kile nataka nilisifie wazi, ule mpango wa VETA Mtwara, chuo cha serikali cha ufundi stadi, uliofadhiliwa na BG, kampuni ya gesi ya Uingereza, wakishirikiana na VSO, shirika la watu wa kujitolea. Hawakufundisha "gesi". Waliboresha ufundi wa kawaida tu, wakawanoa walimu, wakaweka Kiingereza cha kazini na vyeti vinavyotambulika nje ya nchi. Kijana aliyepita pale mradi ukifa yeye hafi nao.

Tofauti na binamu yangu. Huyu alikuwa mkali wa sayansi, akaingia chuo kikuu kusoma digrii ya petroli wakati vyuo vyetu vimeanza kufungua hizo kozi, familia ikachangishana, mkopo wa bodi ya mikopo ya elimu ya juu ukajazia. Anaingia, pipa la mafuta duniani liko juu ya dola 100. Mwanzoni mwa 2016 limeshuka chini ya dola 30. Mwaka huohuo Shell ikainunua BG, makampuni yakafunga maofisi Mtwara, nyumba zilizojengwa kwa ajili ya wazungu zikabaki na mabango ya "inapangishwa". Januari 2021 Equinor, kampuni ya Norway, ikapunguza kwenye vitabu vyake thamani ya mradi wake wa Tanzania kwa dola milioni 982. Ndiyo, Juni 2022 serikali ilisaini makubaliano ya awali na hayo makampuni na 2023 tukaambiwa mradi ni wa dola bilioni 42, moyo ukapanda tena, lakini uamuzi wa mwisho wa kuwekeza bado unasubiriwa. Binamu yangu sasa hivi anafundisha fizikia shule binafsi kwa mkataba. Ni mwalimu mzuri na wanafunzi wanampenda, ila deni la bodi linakatwa kila mwezi kwa elimu ambayo hajaitumia hata siku moja.

Uganda wametuonyesha hili kwa upana zaidi. Mafuta walithibitisha 2006, chuo cha petroli cha Kigumba wakakianzisha 2009, uamuzi wa kuwekeza ukatoka Februari 2022. Miaka 16! Unaweza ukasoma hiyo hadithi pande zote mbili: ujenzi ulipoanza kweli walikuwa na chuo tayari na mafundi wa kuanzia, hawakuanza sifuri, hilo nawapa maksi. Lakini yule aliyemaliza mwanzoni kabisa, je? Cheti kinachokaa bila kazi kwa muda wote huo kinakufa, mkono unasahau.

Halafu kuna umbo la ajira zenyewe, hapa ndo wanasiasa wanatuchanganya sana. Mradi wa hivi unaajiri maelfu wakati wa kujenga, miaka michache, kisha unabaki na mamia wa kuendesha mitambo. Angalia bomba la mafuta ghafi la kutoka Hoima mpaka Chongoleani Tanga, kilomita 1,443, nyingi zikiwa upande wetu, kile kiwanda cha kupaka mabomba pale Sojo Nzega kiliwekwa kwa kazi hiyo, na mabomba yakiisha kupakwa kazi nayo imeisha. Mkoa ukipanga vyuo vyake kwa kuangalia ule mwaka wa kilele tu utabaki na karakana tupu. Na wakati huohuo wa kilele vyuo vinapata pigo jingine ambalo sioni likizungumzwa: mwalimu mzuri wa umeme au uchomeleaji ndo wa kwanza kuchukuliwa na kontrakta, maana mshahara wa kule ni mara kadhaa ya wa chuo. Kwa hiyo mahitaji yanapanda siku ileile walimu wanaondoka. Na wanafunzi wa sekondari wanaacha shule kwenda kwenye vibarua, utawalaumu vipi na nyumbani hamna kitu.

Mimi nikipima yote haya naona kosa letu halikuwa kuwahi wala kuchelewa, tulipindua mpangilio. Fikiria nani anahitajika lini. Mwaka wa kwanza na wa pili wa ujenzi wanatakiwa welda, fundi umeme, fundi bomba, dereva wa mitambo mizito, mtu wa usalama kazini, mpishi wa kambi. Injinia na opareta wa mtambo anahitajika mwishoni, siku mtambo unawashwa, na mtambo wa LNG unajengwa kwa takriban miaka minne mitano, digrii ya uhandisi ni miaka minne. Yaani mwenye digrii unaweza kumpeleka chuo siku mkataba wa mwisho unasainiwa na akawahi! Fundi huwezi. Na wakati huohuo fundi ndo mwenye pa kwenda mradi usipokuja, kuna kiwanda cha saruji cha Dangote, kuna bandari, kuna TANESCO, kuna mashine za korosho zinazoharibika kila msimu. Mtaalamu wa petroli hana pengine pa kwenda. Sisi tukamsomesha kwanza yule asiye na pa kwenda, fundi tukamwacha asubiri.

Hapa mtu ataniuliza, bila wataalamu wa petroli nani atakaa mezani na haya makampuni? Ni kweli, na sitaki nieleweke vibaya. Kwenye mikataba ya kugawana uzalishaji kampuni inarudishiwa gharama zake kwanza, kwa hiyo kama huna mtu wa kukagua hizo gharama mstari kwa mstari unaibiwa huku umekaa. TPDC, shirika letu la mafuta, na PURA, mdhibiti wa utafutaji na uchimbaji, wanahitaji wajiolojia, wahasibu na wanasheria waliobobea, na wasomeshwe leo kwa hela ya serikali. Lakini hao ni makumi, sio mamia kila mwaka kutoka kila chuo.

Mkondo wa amali, yaani wa masomo ya ufundi, ulioanza sekondari 2024 naona ni nafasi kwa Lindi na Mtwara kama karakana zitapewa vifaa na sio kubadilishiwa kibao tu mlangoni. Waajiri wanalipa tozo ya kuendeleza ujuzi na sehemu tu ndo inafika VETA, hapo pa kuanzia pesa papo. Na chini ya yote ni hesabu na Kiingereza, maana huo mtihani wa kuchomea una karatasi ya maelekezo na kijana asiyeisoma anafeli kabla hajawasha mashine.

Mpwa wangu anamaliza form four Novemba. Nimemwambia baba yake ampeleke VETA akasome umeme wa viwandani. Shemeji amenijibu, "Shemeji, wewe wa kwako umewapeleka chuo kikuu, wangu ndo unampeleka kwenye bisibisi?" Na hapo nimekwama, kwa sababu ana haki ya kuuliza, kwa miaka yote tumewaambia watu VETA ni kwa walioshindwa. Tumekubaliana Jumamosi tuende wote chuoni, yeye, mimi na kijana, akaione karakana kwa macho yake kabla hatujaamua.