Rutgers na Los Angeles ligi moja: nani analipia safari?

Ukimsikiliza mtetezi wa konferensi kubwa za vyuo vikuu vya Marekani, utadhani wanaompinga wote ni wastaafu wanaolilia enzi zao. Wanataka Oklahoma icheze na Oklahoma State kila mwaka kama ilivyozoeleka kwa zaidi ya miaka mia, bendi ile ile, matusi yale yale. Wapo wa namna hiyo, na sina ugomvi nao. Lakini hoja nzito ya upande huo haihusu kumbukumbu. Inahusu fedha, na hasa inawahusu wanamichezo ambao hawajawahi kuugusa mpira wa Kimarekani, ule wenye umbo la yai.

Kwa asiyefuatilia: konferensi ni ligi ya vyuo vinavyocheza pamoja na kuuza haki za matangazo kwa pamoja. Zamani zilifuata ramani, jirani na jirani. Julai 2021, Texas na Oklahoma vikatangaza kwenda SEC, konferensi ya kusini-mashariki. Juni 30, 2022, USC na UCLA vya Los Angeles vikaiaga Pac-12, konferensi ya magharibi, kwenda Big Ten, ambayo kiini chake ni majimbo ya kati-magharibi. Agosti 4, 2023, kwa siku moja tu, Oregon na Washington vikashika njia hiyo hiyo, huku Arizona, Arizona State na Utah vikiifuata Colorado kwenda Big 12. Stanford na California vikapata hifadhi ACC, yaani konferensi ya Pwani ya Atlantiki, ilhali vyenyewe viko ufukweni mwa Pasifiki. Big Ten sasa ina vyuo 18 na Big 12 ina 16, kwa hiyo majina yasikusumbue. Pac-12, iliyozaliwa 1915, ikabaki na vyuo viwili: Oregon State cha Corvallis na Washington State cha Pullman.

Waliohama wana lao la kusema, na si dogo. Mwaka 1984 Mahakama ya Juu ya Marekani, kwa kura 7 dhidi ya 2, iliinyang'anya NCAA, chombo kinachosimamia michezo ya vyuo, mamlaka ya kuamua mechi zipi za mpira wa Kimarekani zionyeshwe kwenye televisheni na mara ngapi. Waliofungua kesi ni Oklahoma na Georgia, waliotaka kuuza mechi zao wenyewe. Mmoja wa majaji wawili waliopinga alikuwa Byron White, aliyekuwa nyota wa mchezo huo alipokuwa mwanafunzi Colorado. Alitetea kwamba masharti yale yalikuwa yanaukinga mchezo wa wanafunzi usimezwe na biashara. Alishindwa, na tangu hapo kila chuo ni muuzaji. Huwezi kumfungulia mtu soko kwa miaka 40 kisha ukashangaa kwamba ameuza.

Tena bei zenyewe hazilingani. Katika miaka ya mwisho ya Pac-12, mgao wa kila chuo ulikuwa zaidi kidogo ya dola milioni 30 kwa mwaka, wakati wenzao wa Big Ten walikuwa wanapata kama milioni 60. Mwaka 2022 Big Ten ikasaini na televisheni za Fox, CBS na NBC mkataba wa miaka 7 wenye thamani ya zaidi ya dola bilioni 7. Mkuu wa chuo anayeukataa mlango huo atajieleza vipi mbele ya baraza lake?

Pac-12 nayo ilijichimbia kaburi kwa mikono yake. Mwaka 2012 ilianzisha televisheni yake yenyewe, ikaimiliki yote, na kwa miaka yote ya uhai wake haikuwahi kuonekana kwenye DirecTV, mmoja wa wasambazaji wakubwa nchini humo. Baadaye, kwa mujibu wa taarifa zilizochapishwa na vyombo vingi, televisheni ya michezo ya ESPN ilipoweka mezani dola milioni 30 kwa kila chuo, wakuu wa vyuo walitaka milioni 50. ESPN ikaondoka. Mwishoni wakabaki na ofa ya Apple iliyotegemea ni watu wangapi watakubali kulipia mtandaoni. Oregon na Washington walikimbia nyumba inayoungua, na waliokuwa na ndoo za maji walikuwa viongozi wenyewe.

Halafu kuna wachezaji. Tangu Julai 2025, baada ya Jaji Claudia Wilken kuidhinisha makubaliano ya kesi ya House, iliyofunguliwa na wanamichezo dhidi ya NCAA, vyuo vinaruhusiwa kuwalipa wanamichezo moja kwa moja, hadi dola milioni 20.5 kwa chuo katika mwaka wa kwanza. Mimi ni miongoni mwa waliosema kwa muda mrefu kwamba vijana hao walikuwa wanafanyishwa kazi bure. Siwezi kugeuka leo nikalalamika kwamba vyuo vinatafuta pa kuzipata hizo fedha.

Na mpira wenyewe umekuwa mtamu, tusifichane. Oregon dhidi ya Ohio State, Oktoba 2024, 32 kwa 31: zamani mechi ya namna hiyo ungeisubiri miaka, sasa ni ratiba ya ligi. Indiana, iliyozoeleka kuwa mtu wa kufungwa, ilishinda mechi 11 za kawaida msimu huo huo na kuingia kwenye mtoano wa timu 12 wa kutafuta bingwa wa taifa.

Basi tatizo liko wapi?

Liko kwenye hoja ambayo waliohama huirudia kuliko zote: kwamba fedha za mpira ndizo zinazolisha michezo mingine. Viongozi wa michezo wa UCLA walilisema hili waziwazi, kwamba bila kuhamia Big Ten wangelazimika kufuta baadhi ya timu zao. Na hawakuwa wanatia chumvi juu ya hali yao. Idara yao ya michezo ilifunga mwaka wa fedha ulioisha Juni 2024, wa mwisho ndani ya Pac-12, ikiwa na nakisi ya zaidi ya dola milioni 50. Kwa macho ya muogeleaji wa UCLA, kuhama kulikuwa uokozi.

Lakini fedha hizo hazikuchimbwa ardhini. Pac-12 ilikuwa na thamani kwa sababu ilikuwa na Los Angeles. Los Angeles ilipoondoka, vyuo vilivyobaki havikubaki na sehemu yao ile ile, vilibaki karibu mikono mitupu. Bodi inayosimamia vyuo vya mfumo wa University of California iliona jambo hili mapema. Ilipoiruhusu UCLA kuhama, iliweka sharti la kukifidia chuo ndugu cha Berkeley (ndicho kile California kilichokwenda ACC), na baadaye ikapanga kiasi: dola milioni 10 kwa mwaka. Sijui ushahidi ulio wazi kuliko huo. Mwenye vyuo vyote viwili alipokaa na kalamu, alikiri kwamba faida ya mmoja imetoka mfukoni mwa mwingine.

Washington State haikuwa na ndugu wa kuilipia. Yenyewe na Oregon State zilikwenda mahakamani, zikapewa usimamizi wa konferensi na mali zake zilizosalia, na ushindi huo uliwapa pumzi. Lakini fedha za akiba si mapato ya kila mwaka, na kamba hukatikia pabovu. Juni 2025 chuo hicho kilitangaza kuachana na kurusha na kuruka, na kupunguza mbio fupi na za viunzi, ili timu ya riadha ibaki hasa ya mbio ndefu.

Msomaji wa Eldoret au Arusha asilipite jambo hili haraka. Pullman ni mji mdogo katikati ya mashamba ya ngano, lakini katika historia ya riadha ya Kenya una nafasi ambayo miji mikubwa haina. Samson Kimobwa alikuwa mwanafunzi pale alipovunja rekodi ya dunia ya mita 10,000 mjini Helsinki mwaka 1977. Mwaka uliofuata ikawa zamu ya Henry Rono, naye wa chuo hicho: rekodi nne za dunia ndani ya siku 81: mita 3,000, 5,000, 10,000, na kuruka viunzi na maji. Julius Korir, bingwa wa Olimpiki wa viunzi na maji mwaka 1984, alipita pale. Bernard Lagat, aliyetwaa shaba ya mita 1,500 Sydney na fedha Athens, naye ni zao la Pullman.

Sasa tazama Rono aliziweka wapi rekodi hizo. Mbili zilikuwa Ulaya, Vienna na Oslo. Ile ya mita 5,000 ilikuwa Berkeley, na ya viunzi na maji ilikuwa Seattle. Yaani miji ya vyuo vya konferensi yake mwenyewe. Chuo cha mji mdogo kiliweza kumleta kijana kutoka Nandi, kikamtunza, kikampeleka kwenye mashindano mazuri bila kuvuka bara, kwa sababu kilikuwa na majirani matajiri waliokubali kukaa naye meza moja. Watu wanaposema konferensi za ramani zilikuwa mapokeo tu, nataka wanieleze hilo wanaliita nini. Kwangu ulikuwa mfumo wa kugawana, na ulifanya kazi.

Mtu atanijibu kwamba mbio ndefu zimeponea, kwa hiyo mtoto wa Kenya hajapoteza kitu. Ataongeza kwamba matajiri wa SEC nao wanawachukua: Doris Lemngole alikuwa bingwa wa mbio za nyika wa vyuo mwaka 2024 akiwa mwanafunzi wa Alabama. Ni kweli, na kwa mkimbiaji wa kiwango chake huenda mambo ni mazuri kuliko zamani. Wasiwasi wangu ni wa mkimbiaji wa daraja la pili, yule ambaye hatavunja rekodi ya mtu lakini angerudi nyumbani na shahada ya uhandisi. Huyo nafasi yake haikuwa Alabama. Ilikuwa kwenye vyuo vya aina ya Washington State, na vyuo hivyo sasa vinahesabu kila senti.

Kuhusu safari, nadhani upande wangu wakati mwingine unazidisha. Timu ya riadha haina ratiba ya ligi ya nyumbani na ugenini. Inachagua mashindano, kisha inakwenda kwenye ubingwa wa konferensi. Wapangaji wa Big Ten nao hujitahidi kuunganisha safari, ukienda pwani ya magharibi unacheza na wawili kabla ya kurudi. Timu ya mpira wa Kimarekani yenyewe hucheza mara moja kwa wiki na hupanda ndege ya kukodi. Anayeumia kweli ni mchezaji wa softboli au mpira wa wavu. Mechi za softboli zinazidi 50 kwa msimu, na nyingi huchezwa wakati masomo yamepamba moto. Kutoka Los Angeles hadi Rutgers, mwanachama wa Big Ten aliyeko New Jersey, ni karibu kilomita 3,900 kwa ndege, mbali kuliko Nairobi hadi Cairo, na saa tatu za tofauti ya wakati. Binti huyo hakuna televisheni iliyolipa bilioni 7 ili kumwona yeye. Anasafiri kwa sababu ya mkataba wa mchezo mwingine.

Hapa ndipo ninapoachana na waliohama. Kama hoja ni soko la mpira wa Kimarekani, basi uhame mpira wa Kimarekani. Hakuna sheria ya asili inayosema softboli lazima ifuate. Notre Dame wamefanya hivyo miaka nenda rudi mbele ya macho ya wote: mpira wao hauna konferensi na una mkataba wake na NBC tangu 1991, ilhali michezo yao mingine mingi imo ACC. Wenzao wanajibu kwamba Notre Dame ni Notre Dame, na kwamba televisheni inataka pia mpira wa kikapu. Sawa, chukueni na kikapu. Bado inabaki michezo mingi isiyo na mnunuzi, ambayo ingeweza kurudi kwa majirani kesho asubuhi kama wakuu wa vyuo wangetaka. Hawajataka, nami naona sababu ni uvivu wa kiutawala kuliko uchumi.

Walioachwa nao wamejitahidi. Pac-12 imejengwa upya kwa ajili ya msimu wa 2026, na Boise State, Colorado State, Fresno State, San Diego State, Utah State na Texas State, pamoja na Gonzaga isiyocheza mpira huo. Ni konferensi ya heshima, na kwa kiasi fulani inafuata ramani kuliko zile zilizoivunja. Fedha zake hazitakaribia za Big Ten.

Wanaoshangilia leo wajiulize kuhusu mlango wa kuingilia. SMU, chuo cha Texas, ilikubali kukaa miaka 9 bila mgao wa televisheni ili tu iingie ACC, na msimu wake wa kwanza ikafika fainali ya konferensi hiyo. Oregon na Washington ziliingia Big Ten kwa mgao pungufu. Kumbe kuna wanachama wa bei tofauti ndani ya konferensi moja, na aliyezoea kupima vyuo kwa thamani ya televisheni hana sababu ya kuacha kupima akishamaliza wageni. Mkataba wa Big Ten unaisha 2030. Purdue, Northwestern na Rutgers wanapokea sawa na Ohio State na Michigan mpaka hapo, na sioni kwa hoja ipi, kati ya hizo zilizotumika dhidi ya Pullman, watakavyodai iendelee hivyo.