Nairobi Ni Jirani, Lakini Ni Ugenini

Katika daftari la Kiswahili la binti yangu palikuwa na swali lililouliza: "Mama mzaa mama huitwa nani?" Binti yangu, aliyezaliwa Tanga na kulelewa miaka saba ya kwanza ya maisha yake katika ua wa nyumba ya mama yangu, alijibu bila kusita kwamba huitwa bibi, na mwalimu akampa kosa kwa wino mwekundu. Jibu lililotakiwa lilikuwa "nyanya". Mtoto alirudi nyumbani amevimba macho, si kwa sababu ya alama moja iliyopotea, bali kwa sababu alipojitetea mbele ya darasa kwamba yeye ana bibi wawili, mmoja Tanga na mwingine Muheza, wenzake walicheka hadi kengele ikalia. Kwa watoto wa Nairobi bibi ni mke. Kwake yeye, nyanya ni za kuungia mchuzi.

Naanza na kosa hilo kwa kuwa lilinifungua macho. Nilipopata kazi Nairobi, mimi na mume wangu tulijiandaa kwa kila jambo isipokuwa ugeni. Tulipiga hesabu ya kodi ya nyumba na ya karo, tukauza friji, tukaaga msikitini, na watoto tukawaambia siku ya Jumapili kwamba Ijumaa tunasafiri. Binamu yangu aliyehamia Sweden na watoto wawili alitumia karibu mwaka mzima kuwaandaa: aliwaonyesha picha za theluji, akawafundisha kuhesabu kwa lugha ya huko, akawaeleza mapema kwamba wangechekwa na kwamba kucheka huko kungekwisha. Sisi tulijiuliza tungewaandalia nini wetu. Lugha ni ile ile, saa ni ile ile, ugali ni ule ule, na basi linaondoka asubuhi na kuvuka mpaka pale Namanga bila bahari yoyote kuonekana. Maoni yangu leo ni kwamba ukaribu huo ndio uliotuponza. Anayehamia mbali huuona ugeni tangu uwanja wa ndege na kuufanyia mipango. Anayehamia kwa jirani huukuta umekwisha kukaa sebuleni, na wa kwanza kukutana nao ni mtoto.

Ushauri kwa familia zinazohamia Nairobi haukosekani, lakini sehemu kubwa umeandikwa kwa ajili ya watu wa Gigiri na Runda, mitaa ya kifahari ya jiji hili. Jiji hili ni makao makuu ya shirika la Umoja wa Mataifa la mazingira, UNEP, lililoanzishwa mwaka 1972, na ya lile la makazi, UN-Habitat, na kuzunguka ofisi hizo pamekua shule za mitaala ya kigeni, mawakala wa nyumba na vikundi vya akina mama wanaoelezana wapi pa kupata jibini. Siwaonei wivu, wana upweke wao. Ila sisi tuliokuja kwa mkataba wa kawaida, tunaojilipia karo na kujitafutia nyumba, hatumo katika maelezo hayo, na hata neno lenyewe "wataalamu wa kigeni" hakuna anayelitumia kwa Mtanzania aliyeshuka kwenye basi na mabegi ya ukili. Tunaonekana wenyeji hadi tunapofungua kinywa, au hadi tunapofika kwenye mambo ya uhamiaji, ambako Itifaki ya Soko la Pamoja la Afrika Mashariki, iliyoanza kutumika Julai 2010, haijafuta kibali cha kazi wala pasi ya mtegemezi. Mambo ya karatasi yalituchosha kama yanavyomchosha kila mtu, nami siyaweki katika makosa yetu.

Kosa letu la kwanza lilikuwa nyumba. Tulipanga ghorofa ya tisa Kilimani kwa sababu ningeweza kutembea kwenda kazini. Ilikuwa nyumba safi, yenye lifti na tanki kubwa la maji, na haikuwa na mtoto hata mmoja aliyecheza nje, kwa kuwa hapakuwa na nje. Palikuwa na maegesho ya magari na mlinzi aliyekatazwa kuruhusu mpira. Asubuhi ya kwanza binti yangu aliwaamkia shikamoo watu wote waliokuwa ndani ya lifti, mmoja baada ya mwingine, kama alivyofunzwa. Wengine walitabasamu, wengine walitazama simu zao, na mzee mmoja tu ndiye aliyeitikia marahaba, tena kwa sauti ya mtu aliyekumbuka jambo la zamani. Juma la pili aliacha kuwaamkia. Nilidhani amezoea.

Kosa la pili lilikuwa letu na la shule kwa pamoja. Tanga alikuwa amemaliza darasa la kwanza katika shule ya serikali, ambako masomo hufundishwa kwa Kiswahili, naye alikuwa akisoma magazeti kwa sauti na kumchosha babu yake. Shule tuliyoipata Nairobi, ambayo sitaitaja, ilimpa mtihani wa kujiunga kwa Kiingereza, ikaona hawezi, ikamrudisha Gredi ya Kwanza. Kumrudisha hakukuniudhi sana. Lililoniudhi nililigundua baadaye. Katika fomu ya kujiunga palikuwa na nafasi ya kujaza lugha ya nyumbani, nami nikaandika "Kiswahili" kwa fahari. Katika darasa lile lile alikuwamo mtoto wa familia iliyotoka China, naye alipewa mwalimu msaidizi wa kukaa naye nusu saa kila siku, kadi za picha, na ruhusa ya kukaa kimya hadi atakapokuwa tayari kuzungumza. Wangu hakupewa chochote, kwa kuwa neno moja katika fomu lilimfanya aonekane mtoto wa hapa. Alikuwa hafahamu hesabu iliyofundishwa kwa Kiingereza, hafahamu Sheng, lugha ya mtaani, waliyoizungumza wenzake wakati wa mapumziko, na Kiswahili chake, kitu pekee alichokuja nacho, kilikuwa kichekesho. Akanyamaza. Alinyamaza muhula wote wa kwanza, kuanzia Januari hadi Aprili, akisema ndiyo na hapana tu, na mwishowe mwalimu alinishauri, kwa nia njema kabisa, nimpeleke akapimwe masikio.

Masikio yalikuwa mazima. Nililipia kipimo hicho pesa za kununulia baiskeli.

Mdogo wake wa miaka mitatu alikuwa na shida nyepesi zaidi, na nyingi zilikuwa za hali ya hewa. Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na mtoto wa Tanga ambaye hajawahi kuvaa soksi haelewi kwa nini mwezi wa Julai avalishwe sweta mbili kabla ya uji. Alipiga kelele wiki tatu, kisha akazoea. Katika umri huo mtu hubeba nyumba yake mgongoni kama konokono: mama yupo, baba yupo, blanketi ipo, na nchi ni ile ile. Wa miaka saba ana marafiki aliowaacha, ana hadhi aliyoijenga darasani, anajua alikuwa nani. Nasikia watu wakisema kwamba watoto huzoea upesi kuliko wakubwa, na nadhani wengi wao wanamfikiria yule wa miaka mitatu.

Mume wangu naye alikuwa na ugeni wake. Aliacha kazi ya ualimu ili tusiishi mbalimbali, na pasi ya mtegemezi haimruhusu kuajiriwa, hivyo yeye ndiye aliyepeleka watoto shule, akanunua mboga, akakunja nguo. Keyateka, yaani mwangalizi wa jengo, hakuweza kulipokea hilo, na kila Jumatatu alimuuliza likizo yake inaisha lini. Lakini kwa kuwa alikuwa na watoto mchana, ndiye aliyeona nisichokiona mimi ninayerudi saa moja usiku: kwamba binti yetu huzungumza mahali pamoja tu nje ya nyumba, kwenye kibanda cha mama mboga.

Siku ya kwanza kibandani hapo haikuwa njema. Mtoto alisema, "Naomba nyanya tatu," na yule mama, mtu wa Machakos mwenye mzaha, akamwuliza, "Unaomba ama unanunua?" Kwetu neno hilo ni adabu, mtoto alidhani anaitwa ombaomba, akajificha nyuma ya baba yake. Mama mboga aliona alichokifanya. Kuanzia siku ya pili akamgeuza mwalimu wake. Alimwomba arudie sentensi, akacheka kwa kupendezwa, akamwambia, "Ongea tena hiyo Kiswahili yako tamu," kisha akamfundisha naye jinsi ya kusema "nipatie" na jinsi ya kutambua kwamba shilingi kumi ya Kenya si pesa ya kudharau, maana mtoto aliyezoea sarafu za mia mbili na mia tano alikuwa akiiona kama kifungo cha shati.

Tulipoelewa hilo, tulihama Kilimani. Tulikwenda South C, kwenye nyumba za safu zenye geti moja ambazo wenyeji huziita koti, na safari hii hatukuuliza kwanza habari ya maji wala ya umbali. Tulikwenda kuitazama nyumba saa kumi na moja jioni, tukahesabu watoto waliokuwa nje. Walikuwa kumi na mmoja. Sasa nakaa kwenye matatu saa nzima asubuhi, na silalamiki, au silalamiki kila siku.

Karibu na nyumba hiyo pana duksi, yaani madrasa kwa namna wanavyoiita hapa, na watoto wengi wa koti huenda huko Jumamosi na Jumapili. Binti yangu alikuwa amekwisha kuanza kuhifadhi tangu Tanga. Maalimu alipomtaka asome, alisoma sura tatu mfululizo bila kukwama, na wasichana waliokuwa wakubwa kwake wakamsogelea. Katika mji mzima huu hapo ndipo mahali pa kwanza ambapo hakuwa nyuma ya mtu, na muhula uliofuata mwalimu wake wa shule aliniambia kwamba ameanza kuinua mkono. Sisemi kila mtoto apelekwe duksi. Wa mwingine atakuwa hodari wa mpira, au wa kuruka kamba, au wa kuimba kanisani. Nasema mzazi anayehama na mtoto atafute kitu hicho katika mwezi wa kwanza, kabla hata ya kununua pazia, kwa kuwa mtoto anayekosea tangu asubuhi hadi jioni hawezi kujifunza chochote.

Sasa shida imegeuka. Anasema "mimi silalangi mapema" na "shuleni hatupewangi hiyo", na mama yangu, tunapompigia simu, huniuliza mjukuu wake nimemuuzia nani. Mwanzoni nilimrekebisha kila neno, hadi siku aliponiambia kwamba mimi nafanana na mwalimu mwenye wino mwekundu. Niliacha. Mezani tunazungumza Kiswahili cha Tanga kwa sababu ndicho tunachokijua mimi na baba yake. Nje anazungumza cha koti, na sioni sababu ya kukiita kibovu Kiswahili kilichompatia marafiki.

Kuhusu shule, nilikwenda kumwona mwalimu juu ya lile swali la bibi. Nilimweleza kwamba kamusi inayakubali maneno yote mawili. Alicheka, akaomba radhi, akabadilisha alama, na akanieleza kwamba miaka yote aliyofundisha hakuna mzazi wa Kitanzania aliyewahi kumwambia kwamba mtoto wake ni mgeni. Alikuwa na haki. Mimi mwenyewe nilikuwa sijasema.

Mwezi uliopita familia kutoka Morogoro ilihamia nyumba ya nne kutoka kwetu. Nilitoka kuwakaribisha nikiwa na sahani ya maandazi, na mtoto wao wa kiume, wa miaka kama sita, akaniamkia shikamoo kwa sauti kubwa mbele ya watoto wote wa koti. Wawili wakaanza kucheka. Binti yangu aliiachia kamba, akamwendea, akamwambia kwa upole wa mkubwa: "Kwa hawa salamu ni 'sasa'. Kwa mama yangu endelea na shikamoo."