Usinunue injini, nunua gari lililogongwa

Mtu akinitumia picha ya Subaru Impreza ya zamani na kuuliza injini gani ya STI, toleo la Impreza lenye nguvu zaidi, itaingia humo, huwa namrudishia swali: gari lililotoa hiyo injini liko wapi? Mara nyingi halipo. Kuna injini tu, imelazwa juu ya mbao, nyaya zake zimekatwa kwa kisu sentimita chache kutoka kwenye soketi, na muuzaji anaapa kwa jina la mama yake kwamba ilikuwa inawaka vizuri. Mradi umeshaharibika hapo, na hakuna spana iliyoguswa.

Sisemi hivi kwa kuupinga mradi wenyewe. Naupenda, na sababu zake nazielewa. Subaru ilipowapelekea Wamarekani Impreza 2.5RS kama modeli ya 1998, ile ya milango miwili, iliwapa injini ya lita 2.5 isiyo na turbo, nguvu farasi 165. Boneti lilikuwa na tundu la kuvuta hewa kama la magari ya turbo, ila chini yake hapakuwa na intakula, kile kifaa kinachopoza hewa ya turbo. Mwaka huohuo wa 1998, kule Japani, bodi hiyohiyo ya milango miwili ilitanuliwa mabega ikawa 22B, toleo maalumu lenye turbo, magari 400 kwa soko la nyumbani. Mmarekani alibaki akitazama picha. Turbo ilipomfikia, kwa WRX ya 2002 na kisha STI ya 2004 yenye nguvu farasi 300, ilikuja ndani ya bodi ya kizazi cha pili. 2.5RS ina takriban kilo 1,280. STI ya 2004 inakaribia 1,480. Hizo ni kilo 200, sawa na abiria watatu ambao hawashuki kamwe.

Kwa hiyo wazo la kuchukua mitambo ya STI na kuitia kwenye bodi ya RS si wazimu. Unamalizia kazi ambayo kiwanda kiliamua kutoifanya kwa soko hilo. Hata baada ya kuongeza uzito wa giaboksi la gia sita na breki kubwa, bado gari linabaki jepesi kuliko mtoaji, yaani lile STI lililogongwa unalolitoa mitambo, lina nguzo nyembamba za vioo, na unaona kona zote nne bila kunyoosha shingo.

Tena bahati iko upande wako. Injini za familia ya EJ zilianza na Legacy ya 1989 na zikaendelea kwenye STI mpaka 2021, na muda wote huo umbo la msingi halikubadilika: boksa, yenye pistoni zinazolala kushoto na kulia, iliyowekwa kwa urefu wa gari, giaboksi nyuma yake. Injini ya STI ya 2004 inashuka kwenye nafasi ya injini ya 1998 kana kwamba ilipimwa humo. Urahisi huu ndio unaowaponza watu. Wanaona injini imekaa, boliti zimeshika, wanapiga picha, wanaamini wamebakiza kidogo. Ukweli ni kwamba wamefanya labda robo ya kazi, na ni ile robo rahisi.

Chukua difu. Giaboksi la gia sita la STI lina uwiano wa mwisho wa 3.90, yaani propela, ile shafti inayopeleka nguvu nyuma, huzunguka mara 3.90 tairi likizunguka mara moja. Difu ya nyuma ya 2.5RS ni 4.11. Mtu anaitazama ile difu ya zamani, iko salama, haivuji, anasema aiache kwanza, difu ya STI ataitafuta mwakani. Tupige hesabu. Kwa kilomita 100 kwa saa, tairi lenye mzingo wa mita mbili linazunguka kama mara 833 kwa dakika. Tofauti ya uwiano ni 0.21. Maana yake upande wa mbele na upande wa nyuma vinataka propela izunguke kwa kasi zinazopishana kwa karibu mizunguko 175 kila dakika, barabara ikiwa imenyooka kama rula. Nani anaimeza tofauti hiyo? Difu ya kati, ile inayogawa nguvu kati ya mbele na nyuma. Yenyewe iliundwa kupishanisha magurudumu kwenye kona, sekunde chache, halafu ipumzike. Hapa haipumziki. Ikifungwa kidogo tu, inavutana na matairi, inachemka, na sehemu iliyo dhaifu kuliko zote ndiyo inayolipa.

Nimepanda gari la namna hiyo. Lilikuwa na mlio wa chini, kama mtu anayeguna usingizini, na mwenye gari alishauzoea kiasi cha kuacha kuusikia. Akaniambia ndivyo giaboksi la gia sita lilivyo. Sivyo lilivyo.

Ukiwa na mtoaji mzima, swali hili halizuki. Unachukua difu ya nyuma ya STI, iitwayo R180, pamoja na giaboksi lake, shafti za magurudumu na hubu, vyote vikiwa na uwiano mmoja kwa sababu vilitoka kiwandani pamoja. Propela ya zamani haiingii hata hivyo, maana giaboksi la gia sita ni refu kuliko la gia tano. Angalia tu mwaka wa mtoaji: STI ya 2004 ina boliti tano za rimu kwenye duara la milimita 100, na kuanzia 2005 duara hilo ni la 114.3. Ukichanganya mbele ya mwaka huu na nyuma ya mwaka ule, utatembea na tairi za spea mbili.

Halafu kuna nyaya, mahali ambapo nimeona watu wazima wakikata tamaa. STI ya 2004 haina kebo ya mafuta kutoka kwenye pedali. Pedali ni sensa, na kompyuta ndiyo inayofungua koo la injini. Ukinunua injini peke yake, pedali hiyo huna, kompyuta huna, na kama gari lilikuwa na imobilaiza, ile kinga ya wizi, huna funguo wala kipande kinachozitambua. Difu ya kati nayo inafungwa kwa sumaku ya umeme, na kuna boksi lake dogo linaloamua ifungwe kiasi gani. Bila boksi hilo sumaku haipati umeme, difu inabaki wazi, na ile sifa ya kugawa nguvu asilimia 35 mbele na 65 nyuma inageuka gari linalozungusha magurudumu ya mbele au ya nyuma peke yake kwenye changarawe na kusimama. Nimesikia watu wakisema waya wa difu wameufunga kwa tepu kwa sababu gari linatembea tu bila hiyo. Ndiyo, linatembea.

Fundi mwenye subira anapaswa kuwa na nyaya zote mbili zimetandazwa sakafuni, za mtoaji na za bodi, na michoro ya magari yote mawili mkononi, akiunganisha mstari mmoja baada ya mwingine. Kazi hiyo haina picha nzuri. Inachukua wikendi nyingi kuliko injini, na kadiri mtoaji anavyokuwa mpya zaidi ndivyo vifaa vyake vinavyozungumziana kwa waya wa pamoja, hadi kompyuta ya injini inalalamika kwamba dashibodi haijibu.

Breki nitazisema kwa ufupi, kwa kuwa hapa sina mjadala. Gari lililoacha kiwanda na nguvu farasi 165 lilipewa breki za nguvu farasi 165. Breki za Brembo za STI zinahitaji rimu za inchi 17, na RS ilikuja na za 16, kwa hiyo kuna wanaoziacha breki "mpaka nipate rimu". Gari kama hilo mimi sipandi.

Pampu ya mafuta, rejeta, krosimemba ya mbele (chuma cha chini kinachobeba injini) inayopisha mabomba ya turbo: vyote vimo kwenye gari lililogongwa, vinakusubiri.

Faida nyingine ya gari zima ni kwamba unaweza kuliwasha. Lililogongwa nyuma au ubavuni ndilo zuri. Pima mgandamizo wa silinda zote nne injini ikiwa bado mahali pake. Hii lita 2.5 ya turbo inajulikana kwa pistoni zinazovunjika kingo za ringi, hasa ikiwa mwenye gari alichezea programu ya kompyuta ili apate turbo zaidi. Silinda moja ikisoma chini sana kuliko wenzake, shusha bei au ondoka. Injini ya kwenye mbao haikupi nafasi hiyo. Utajua imenoki siku uliyoiwasha kwenye bodi yako.

Na makaratasi? Weka kumbukumbu za mtoaji. California, kwa mfano, inataka injini iwe ya mwaka uleule wa gari au mpya zaidi, tena na vifaa vyake vyote vya kupunguza moshi. Ukiwa na gari zima, vifaa hivyo unavyo. Ukiwa na injini tu, utaanza kuvitafuta kimoja kimoja kwa watu walioshavitupa.

Kuhusu bodi, tafuta isiyo na kutu kwenye mapaja ya nyuma, pale shokamzoba zinaposhika, hata kama rangi imekufa. Rangi hupigwa upya. Chuma kilichooza hakivumilii nguvu karibu mara mbili ya ile kiliyoizoea. Wala usiguse gari adimu: anayekata WRX halisi ya Japani ambayo haijaguswa ili atie mitambo mipya, mimi na yeye tutasalimiana tu. RS za kawaida bado zipo.

Ukishamaliza, kitabandikwa kibandiko gani nyuma? Wengi wanaweka cha STI. Mimi ningeiacha 2.5RS palepale kwenye buti. Hata ukubwa wa injini haujabadilika.