Wimbo naupima kwa nusu yake ya pili

Ki-MP3 changu ni kidogo kama kiberiti. Kina GB 2, vitufe vitano na kioo kilichopasuka pembeni. Intaneti hakina. Wenzangu kazini wananicheka: simu unayo, nyimbo zote duniani zimo humo, hicho cha nini? Basi ndiyo sababu yenyewe. Nikiwa na nyimbo zote, sisikilizi hata mmoja. Sekunde 20, naruka. 20 nyingine, naruka tena. Nashuka Kariakoo sijasikia kitu na bando limekata.

Mara ya kwanza nilimwachia kijana wa kibandani anijazie. Nilipomaliza chai tu, nikakuta nyimbo 400 na ushee. Nyingi zina sauti ya mtu anayejigamba kwa jina la tovuti yake, na anaingilia palepale mwimbaji anapolia. Nyingine zimekatwa mkia. Majina ya mafaili ndiyo usiseme: Track 01, Track 01, na Track 01 tena. Nilifuta zote nikabakiza sita. Kuchagua nyimbo ni kama kuchagua mitumba, lazima uinue nguo mwenyewe, uigeuze, uiangalie kwapani.

Na kwapa la wimbo, kwangu mimi, ni nusu ya pili.

Chukua wimbo wa dansi wa enzi zile bendi za Msondo na Sikinde zikigombea mashabiki. Hauna haraka. Mwimbaji anaanza taratibu kusimulia mkasa wake: mke kaondoka, shemeji kaingilia, majirani wamejua. Tarumbeta zinaitikia kwa heshima. Mgeni atadhani wimbo ndio huo. Kumbe bado. Gitaa la solo linabadili mwendo, besi inang'ang'ania mstari mmoja, tumba zinapanda, na tunaingia kwenye chemko, ile ambayo Wakongo wanaiita sebene. Hapo ndipo unaijua bendi. Beti nzuri wengi waliweza kutunga, lakini kupiga chemko la dakika nne bila kumchosha mtu ni kazi ya wachache. Mtu anayeruka wimbo kwenye sekunde ya 20 hafiki huko maisha yake yote.

Tatizo ni kwamba vyombo vya kubebea muziki vimekuwa na tabia ya kukata. Siti binti Saad, yule mwimbaji wa taarab wa Zanzibar, alipokwenda Bombay kurekodi mwaka 1928, upande mmoja wa santuri ulibeba kama dakika tatu, basi. Baadaye zikaja santuri ndogo za mizunguko 45 kwa dakika, na wimbo mrefu ukapasuliwa vipande viwili: sehemu ya kwanza upande huu, ya pili ukigeuza. Siku hizi anayeihamishia santuri kwenye kompyuta, akiwa mvivu, hageuzi. Unabaki na faili linaloishia pale raha inapoanza. Afadhali Radio Tanzania Dar es Salaam walikuwa wakizirekodi bendi kwenye tepu, na huko nyimbo nyingi zilibaki nzima.

Sasa mimi nina GB 2. Faili likihifadhiwa kwa ubora wa kawaida wa MP3, kilobiti 128 kwa sekunde, dakika moja ya muziki inakula karibu MB 1, maana yake humo mna zaidi ya saa 30. Mtu mwenye saa 30 anabana dakika tisa za wimbo ili iweje? Kwangu wimbo unaingia mzima au hauingii.

Sharti jingine nimefundishwa na sikio. Rekodi za zamani zina sauti ya chini. Unapandisha ili uisikie besi, halafu inafuata Bongo Fleva ya juzi, unapigwa kofi ndani ya kichwa mbele ya konda. Nimezitenga folda mbili. Bongo Fleva ni ya asubuhi, ya kuniamsha. Dansi ni ya jioni, kwenye foleni ya TAZARA, na kuna siku nimeomba foleni isiachie mpaka tarumbeta zimalize. Taarab ina folda yake pia, lakini hiyo sitaieleza, mke wangu husoma ninayoandika.

Binti yangu anaiita orodha yangu zilipendwa. Neno hilo silipendi. Nani kasema zimeacha kupendwa? Mbona jana kanikuta nafua, akachukua spika moja ya sikioni, akakaa kwenye ndoo mpaka chemko likaisha.

Nimeacha MB 12 wazi makusudi. Kuna wimbo mmoja aliokuwa akiupiga marehemu baba kila Jumapili, na nilionao ni sehemu ya kwanza tu. Fundi redio mmoja Buguruni anasema anayo santuri yake, ila imepinda. Nimemwambia nitaipitia Jumamosi, hivyohivyo ilivyopinda.